Ini Safi la Berocan

Huku kwetu Wang'diel, kwenye ufuko wa Ziwa Albert, zamani tumbo la mtu lilikuwa linafika mahali kabla ya mwenyewe. Mzee Ofoyrwoth, Mungu amrehemu, alikuwa na tumbo la kumtosha kula bila meza. Kuku walipumzika kwenye kivuli chake saa sita mchana, na siku moja mmoja akataga humo. Hilo la kutaga sikulishuhudia, lakini yai nililila.

Mtu akivimba tumbo, miguu ikabaki vijiti, halafu asubuhi moja akatapika damu akafa, tulikaa matangani tukiulizana nani kamla. Siku zote alipatikana wa kutajwa. Kichocho tulikisikia redioni, lakini redio ilisema mengi, na konokono ni mdudu mpole. Nani angeamini kwamba konokono anaua wanaume?

Mimi, Anyolitho, ndiye niliyekuwa mgawa dawa wa kijiji. Serikali haikunilipa. Ilinipa baiskeli, fulana yenye picha ya konokono, daftari la majina na fimbo. Fimbo ile haikuwa ya kuchapia mtu. Ilikuwa ndefu kunishinda, imechorwa alama: mtu anasimama ubavuni mwake, kichwa kinapofikia ndipo unaposoma ameze vidonge vingapi. Kimoja kwa mtoto, viwili, vitatu, hadi vitano kwa mrefu. Mizani haikuhitajika, wala akili. Niliibeba kila mahali kama askofu, na watu wakaniita Mzee wa Fimbo hata kabla sijaota mvi.

Mwaka ambao mradi wa dawa ulianza, kabla hatujagawa hata kidonge kimoja, ilikuja mashine ya kupima maini kwa picha. Aliileta Daktari Kobusinge, mwanamke mwembamba wa Kitoro mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Wakaiweka kwenye darasa la shule, jenereta nje, shuka mlangoni kwa ajili ya heshima. Ila waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo kioo cha mashine ikabidi kielekee dirishani, na dirisha halikuwa na shuka. Kijiji kizima kikahamia dirishani. Unalala juu ya meza, unapakwa utelezi wa baridi kama kamasi la kambare, daktari anakupitishia kidude chake mbavuni, na ini lako linaonekana kwa shemeji zako wote.

Daktari alikuwa anamsomea karani herufi. A maana yake ini halina kovu. B ni vidoa vilivyotawanyika kama nyota. C ni pete, mishipa imeota kuta nene. D ni kola, kovu limeuzunguka mshipa mkubwa pale unapogawanyika. E ni viraka vinavyofika hadi ukingoni. F ni kucha la ndege: kovu limekwenda toka katikati hadi nje, limeshika ini kama mwewe alivyoshika kifaranga. Niliyasikia hayo nikiwa dirishani, nikayatangaza kwa waliokuwa nyuma, nikayatia chumvi kidogo, na kabla ya jioni tulikuwa na vyeo.

Haki ya Mungu, vyeo. Mtu alikuwa anasalimiwa "Habari za asubuhi, Kola." Mwenye kucha alipewa kiti cha mbele kwenye kilio, maana asingekaa nacho muda mrefu. Wavulana wenye nyota walinyimwa neno barazani. Tukapanga mpira, Pete na Viraka. Mchezo ulikwisha dakika ya kumi na moja, wachezaji wote wakiwa wameketi chini wanahema, na mwamuzi kalala golini. Mimi mwenyewe nilikuwa Pete. Nilisikitika kidogo.

Aliyepimwa wa mwisho alikuwa seremala wetu, Berocan.

Berocan hakuwa mtu wa ufuko. Alitoka juu, milima ya Okoro, kwenye ukungu na kahawa. Alikuwa amemwoa Atimango, dada yake Mwenyekiti wa ufuko, Ujwiga, akampeleka huko juu kwao. Mwaka wa pili mke akaanza kuvimba upande wa kushoto, akakonda, akawa hawezi kupanda hata kizingiti. Ndugu zake wakamteremsha ili wamtibu wenyewe. Berocan akateremka nyuma yake na msumeno begani. Mwanamume kukaa ukweni! Tulimcheka mpaka tukachoka. Na kama hiyo haikutosha, alikuwa anaogopa ziwa. Alisema maji usiyoyaona ng'ambo yake hayana tabia njema. Alioga kwa maji ya kisima, kwenye beseni, nyuma ya nyumba, kama bibi harusi. Alimkataza na Atimango kwenda ziwani, akamtekea yeye. Wanawake walimwimbia njiani. Yeye aliinua ndoo kuwasalimia, akapita.

Kazi yake ilikuwa viti, milango na majeneza. Majeneza ndiyo yaliyotoka zaidi.

Basi, alipolala mezani, daktari alipitisha kidude, akakirudisha, akakipitisha tena. Uso wake ukafunguka. Alikuwa ameangalia makovu siku nne mfululizo, maskini, na furaha ikamponyoka. "A," akasema. "Safi kabisa. Jamani, njooni muone ini la mtu."

Tukaona. Lilikuwa laini, la kijivu, kama ugali wa muhogo uliosongwa na mwanamke mwenye subira. Hakuna nyota, hakuna pete. Waliokuwa nyuma wakapandiana mabega ili nao walione.

Ujwiga, ambaye alikuwa Viraka, ndiye aliyesema. "Kwa hiyo sisi wote tumeliwa," alisema polepole, "isipokuwa huyu anayetuchongea masanduku."

Daktari alicheka. Akaeleza vizuri sana kuhusu konokono, na vijidudu vinavyotoka kwake na kupenya ngozi, na mayai yanayokwama kwenye ini. Akasema huyu bwana kapona kwa sababu hatii mguu ziwani, mwigeni. Kesho yake akafunga mashine yake na kuondoka. Ukieleza jambo zuri halafu ukaondoka, waliobaki ndio wanaoamua ulisema nini.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kupimia samaki. Ujwiga hakupiga kelele. Alipanga hoja zake kama anayepanga dagaa juani. Watu wote wa Wang'diel wana makovu, wakubwa kwa wadogo. Mmoja hana. Huyo mmoja ametoka mbali, ananufaika na vifo, na mkewe anakauka kwenye mikono yake. Sasa mashine ya serikali yenyewe imemwonyesha. Hoja gani inabaki?

Berocan alisimama na penseli yake sikioni. Akasema kama angekuwa mchawi angeanza na waliokuwa hawajamlipa milango. Wengine walitaka kucheka, wakamtazama Ujwiga, wakaacha. Ujwiga akamwambia arudi kwao leo hii. Berocan akasema sawa, ataondoka na mkewe. Ujwiga akasema dada yake hawezi kupanda mlima ule na wote wanajua. Akijaribu atafia kwenye kona ya kwanza. Aende peke yake.

Hapo Berocan akatoa penseli sikioni, akairudisha. Alikuwa na kila kitu cha kumwezesha kuondoka, miguu, mapafu, ini jipya, na hakikumfaa. Alichotaka ni kubaki na yule mwanamke kwenye kile chumba chenye harufu ya mbao. Kila mtu bandani alikijua alichotaka, na ndiyo maana tulikuwa tumemshika.

Ndipo nikafungua mdomo wangu. Mimi kimya cha watu kinaniwasha kama upupu. Nikasema, "Kama daktari anasema ni maji, basi tumtie majini. Mtu wa kweli atapata pete kama watu. Mchawi ndiye hatapata."

Nilikuwa natania. Naapa kwa yai la Ofoyrwoth, nilikuwa natania. Nikasubiri kicheko, hakikuja. Ujwiga alinigeukia kama aliyeletewa barua aliyoingoja. Akasema, "Mzee wa Fimbo kasema." Na ikawa sheria: Berocan atasimama ziwani kila asubuhi, toka jua linapochomoza hadi mashua za wavuvi wa samaki wa angara zinapomaliza kupakua, mpaka siku mashine itakaporudi. Akionekana na kovu, ni mwenzetu, atakaa na mkewe hadi kufa. Akiwa bado A, atajua mwenyewe. Na dawa asimeze, maana kumeza ni kufuta ushahidi.

Na kwa kuwa lazima pawe na kipimo, nikaambiwa nikapime kina. Nikaisimamisha fimbo ya dawa pale penye matete, wanawake wanaposugulia masufuria na watoto wanapojisaidia, konokono wamejaa kama kokoto. Maji yakafika alama ya kidonge kimoja, kimo cha kiuno chake. "Hapo," nikasema. "Usisogee ufukoni wala usizidi, utaliwa na mamba, tutakosa jibu."

"Ahsante kwa kunijali, Mzee wa Fimbo," akasema, akaingia.

Wiki ya kwanza ngozi yake ilimwasha hadi akawa anajikuna kwa randa. Hiyo ya randa nimeiongeza, ilikuwa msasa. Wanawake waliokuwa wakimwimbia zamani sasa waliosha vyombo wakimzunguka kama nguzo, mmoja akamtundikia kanga kwenye bega ikauke. Saa za kutoka zikifika alirudi kwa mkewe na miguu iliyosinyaa, akaendelea na mbao zake.

Dawa zikaja mwaka ule, na kila mwaka baada yake. Nilimpima Ujwiga, nikampa vyake vitano. Nikampima Atimango, amelala, nikiilaza fimbo kando yake mkekani: vitatu. Jina la Berocan nililiruka. Lakini mradi ulikuwa unataka asilimia, na kijiji chenye asilimia nzuri mgawaji wake hubadilishiwa tairi za baiskeli. Kwa hiyo nikamtia alama ya vema, nikamwandikia vidonge vinne, na vile vinne nikavitupa ziwani. Niliwaambia marafiki zangu kwamba nawatibu konokono. Hilo walilicheka.

Mwaka wa tatu Berocan alinifuata chini ya paa la shule, watu wakiwa wamekwisha kuondoka.

"Mzee wa Fimbo, na mimi nipimie."

"Jina lako halimo."

"Limo. Nimelisoma kwa juu juu. Lina vema."

"Basi umeshameza."

Akalifikiria hilo. "Vilikuwa vichungu?" akauliza.

"Vichungu sana. Ulikunja uso."

Alicheka, yule mtu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama akimeza watasema amejisafisha. Nikamwambia watasema. Kopo lilikuwa mapajani mwangu na vidonge zaidi ya mia vilikuwa ndani. Angeweza kuvisikia nikitingisha mguu. Akasema basi aache, maana Atimango ameanza kutembea hadi mlangoni.

Na kweli alikuwa anatembea. Dawa zilikuwa zinafanya kazi yake. Mwaka wa nne alifika kisimani. Mwaka wa tano alibeba ndoo. Watu wakaona, wakahesabu kwa hesabu yao: tangu mumewe atiwe majini, mwanamke anapona. Ujwiga alitembea kifua mbele. Wakati huohuo Berocan alianza kuvaa koti refu hata kwenye jua kali. Jeneza lililokuwa likimchukua siku moja likamchukua wiki. Wengine walipunguza kufa, kwa bahati, la sivyo wangesubiri foleni.

Mashine ilirudi mwaka wa saba. Kobusinge alikuwa ameongeza miwani na kilo chache. Waya ulikuwa bado mfupi. Tulijaa dirishani, lakini vyeo vilikuwa vimegeuka. Redio ilikuwa imeshinda, na sasa aliyetembea kwa maringo ni aliyeteremka herufi. Ujwiga, kutoka viraka, akasomewa C. Alishangiliwa kama aliyerudi vitani. Mimi nikapata B. Atimango, aliyekuwa kola, alilala mezani mwenyewe bila kusaidiwa, na daktari akalazimika kutafuta hata pete moja. Aliamka anafuta utelezi tumboni, anacheka huku amejiziba mdomo.

Kisha Berocan akavua koti.

Sitaki kulieleza lile tumbo, nimeshamaliza maneno yote kwa Ofoyrwoth na yale yalikuwa ya mzaha. Daktari alipitisha kidude. Kwenye kioo, katikati ya ukungu wa kijivu, tukaliona: jeupe, lenye vidole, limelikamata ini toka katikati hadi kingo. Hata mtoto angelitambua. Kucha.

Nitasema kweli, Berocan aliinua shingo akakitazama kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefaulu mtihani. Alikuwa amelipata. Alimtafuta Ujwiga dirishani kwa macho.

Daktari hakusoma herufi. Aliagiza faili la zamani, akaliangalia, akaangalia jina. "Huyu ndiye alikuwa A," alisema. Halafu akaniita ndani mbele ya wote. "Mgawa dawa. Huyu amepewa dawa mara ngapi?"

Daftari lilikuwa kwapani mwangu. Nililifungua kana kwamba nahitaji kusoma. Dirishani palikuwa na Ujwiga, na nyuma ya Ujwiga baiskeli yangu imeegeshwa kwenye ukuta, tairi mpya. Nikasema, "Kila mwaka, daktari. Vinne vinne."

Akamgeukia Berocan. "Ni kweli, baba?"

Angeweza kusema. Neno moja tu, na yule mama angenifukuza kazi palepale, na huenda Ujwiga angelala mahabusu. Lakini Atimango alikuwa amesimama karibu na mlango, mzima, mashavu yamejaa, na kaka yake kamshika bega. Sheria ilikuwa: akipata kovu atakaa naye hadi kufa. Alikuwa amelipia miaka saba. Ni nani anayegombana na mwenye nyumba siku anayokabidhiwa ufunguo?

"Nimemeza, daktari," akasema. "Vichungu sana."

Na akanitazama kidogo, kwa urafiki.

Kobusinge alivua miwani. Akasema Berocan apelekwe hospitali kubwa, mishipa yake ya koo inaweza kupasuka wakati wowote, asibebe kitu, asipande mlima, asikohoe kwa nguvu. Kisha, akijisemea mwenyewe, lakini kwa ile sauti ya kwaya, akaongeza: "Ajabu. Dawa imewasaidia wote. Mbona kwa huyu imekataa?"

Niliyasikia yale maneno yakitoka nje ya dirisha na kupita kwa watu kama moto kwenye nyasi za Januari. Imekataa. Kwa huyu imekataa.

Gari la daktari lilikuwa halijafika barabara kuu mkutano ulipoanza. Haukuwa mrefu. Ujwiga alisema dawa ya watu imeingia kwa watu ikakubali, imeingia kwa huyu ikagoma, yeye mwenyewe kakiri kumeza. Na uchawi wake uliokuwa kwa Atimango umemrudia, tumeona wote, na una kucha. Berocan alisema, "Lakini mlisema nikipata—" na Ujwiga akamkata, akasema tulisema pete. Nani alitaja kucha?

Watu walinitazama, maana sheria ilikuwa yangu. Nikasema ni kweli, nilisema pete.

Wakampa hadi alasiri. Safari hii Ujwiga alimwambia dada yake abaki. Atimango alifunga kitambaa kiunoni, akajitwika randa na msumeno, akaingia njia ya mlima mbele ya mumewe. Sasa yeye aliweza kupanda. Mimi nikaamriwa niwasindikize hadi kona ya nne, nihakikishe hawarudi. Kwa hisani yangu nikampa Berocan fimbo ajikongojee.

Kona ya kwanza alipumzika. Ya pili alikaa. Ya tatu alikaa na hakuonyesha dalili ya kuinuka, ameikumbatia fimbo kwa mikono miwili, ziwa lote limelala chini yetu linameta kama halijafanya kitu. Atimango akashuka bondeni kutafuta maji ya kijito. Tukabaki wawili.

"Mzee wa Fimbo," akasema. "Hebu niambie, sina hasira. Vile vidonge vyangu vinne, kila mwaka, ulikuwa unampa nani?"

Ningeweza kusema Atimango. Ningesema niliviongeza kwa mkewe, naye angeondoka na hicho. Jambo hilo lilinijia saa ileile, Mungu shahidi, lilikuwa ulimini. Lakini ule utani ndio uliotangulia.

"Konokono," nikasema. "Walikuwa wagonjwa sana."

Aliniangalia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na ile sauti niliyoijua, ile ya siku ya kopo, ikatoka. Alicheka akishika tumbo lile, alicheka akinielekeza kidole, alicheka hadi akakohoa, na alipokohoa damu ikaja, kwanza kama mate ya tambuu, kisha yote.

Atimango alipopanda na maji kwenye majani ya mgomba, fimbo ilikuwa nyekundu hadi alama ya vidonge vitatu. Hakupiga yowe. Aliuliza tu, "Umemwambia nini?"

"Nimemtania," nikasema.

Jeneza halikupatikana, maana Wang'diel hatukuwa na seremala tena. Tulimzika palepale konani, kwenye mkeka. Atimango hakurudi ufukoni. Aliendelea kupanda na ule msumeno. Fimbo niliiosha ziwani, alama zikafifia kidogo lakini zikasomeka.

Mwaka uliofuata tulifikisha asilimia tisini na nane, nikaletewa na kengele ya baiskeli. Nilipokuwa najaza daftari nilifika kwenye jina lake, nikaandika vinne, nikatia vema. Mkono ulikuwa umeshazoea.